Mtoto wa Januari 2028 anahesabiwa lini? Nafasi za shule katika mkoa wa Tabora

Kila Januari shule zinapofunguliwa, mkoa wetu wa Tabora hupata taarifa zinazofanana: shule fulani imeandikisha watoto wa darasa la kwanza wengi kuliko ilivyotarajiwa, madawati hayatoshi, na darasa la awali limehamishiwa chini ya mwembe. Nimefundisha shule za msingi katika wilaya mbili za mkoa huu na nimewahi kuwa mwalimu mkuu, kwa hiyo taarifa hizo si ngeni kwangu. Hata hivyo, kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba katika kazi zote za halmashauri ni chache zinazoweza kujulikana mapema kama idadi ya watoto watakaoanza shule. Mtoto anayeandikishwa akiwa na miaka sita amekuwa akiishi miongoni mwetu kwa muda wote huo. Amepimwa uzito kliniki, amechanjwa surua, jina lake limo katika rejesta ya zahanati, na mwenyekiti wa kitongoji anawajua wazazi wake. Nataka kueleza jinsi halmashauri zinavyopanga nafasi za shule, mahali mpango huo unapolegea, na sababu inayonifanya niliandike jambo hili sasa, maana Januari 2028, ambapo madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, inakuja na haitafanana na Januari yoyote tuliyoizoea.

Nianze na watu wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,291,623 katika mkoa wa Tabora, na Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 3,391,679. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya watu milioni moja na laki moja, yaani takribani asilimia 48, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takribani asilimia 37. Majirani zetu wa Kigoma walitoka watu 2,127,930 wakafika 2,470,967, ambalo ni ongezeko la takribani asilimia 16. Mikoa hii miwili inaunganishwa na reli moja na mara nyingi hutajwa pamoja katika hotuba, lakini kwa upande wa nafasi za shule ina mahitaji yanayotofautiana sana, na mpango wowote unaogawa vyumba vya madarasa sawa kwa sawa kati ya mikoa utakuwa umemnyima mtoto wa Kaliua au wa Sikonge, hapa kwetu Tabora, haki yake kabla hajazaliwa.

Ongezeko la Tabora halikutokana na uzazi peke yake. Watu wanahamia. Wakulima wa tumbaku wanafuata ardhi mpya kusini na magharibi mwa mkoa, wafugaji wanashuka kutoka Shinyanga na Simiyu wakitafuta malisho, na kitongoji ambacho miaka mitano iliyopita kilikuwa na kaya chache leo kina duka, mashine ya kusaga, msikiti, kanisa na watoto wengi, isipokuwa shule. Anayepita barabara ya kutoka Urambo kwenda Kaliua na kuingia njia za ndani ataona ninachokisema.

Sasa halmashauri hupangaje? Kwa maelezo mafupi, kila shule hujaza takwimu zake za mwaka kwa kuzingatia hali ya Machi 31: wanafunzi kwa umri na jinsi, walimu, vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo, nyumba za walimu. Takwimu hizo hupitia kwa afisa elimu kata, huunganishwa na ofisi ya takwimu ya idara ya elimu katika halmashauri, kisha huenda OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Kutokana nazo hutengenezwa maoteo ya uandikishaji, yaani makadirio ya watoto watakaoandikishwa, na mahitaji hupimwa kwa viwango vinavyojulikana: wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa katika shule ya msingi na 40 katika sekondari, watoto 25 katika darasa la awali, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Anayesoma jedwali la upungufu wa halmashauri anasoma hesabu ya kugawa tu, idadi ya wanafunzi kwa viwango hivyo, kisha kutoa kilichopo. Hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu uko katika namba inayoingia upande wa juu wa hesabu hiyo, na katika muda unaopita kabla haijazaa jengo.

Tuchukue mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2026. Ili apate chumba, jengo lilipaswa kukamilika kufikia Desemba 2025, na fedha zake kuwa katika bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26 ulioanza Julai 1, 2025. Bajeti hiyo iliandaliwa kuanzia mwisho wa mwaka 2024, ikajadiliwa na kamati ya maendeleo ya kata, ikapitishwa na baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka 2025, ikaenda mkoani na hatimaye bungeni. Takwimu rasmi za shule zilizokuwa mezani wakati wa kuiandaa zilikuwa za Machi 2024. Kwa hiyo, kati ya siku mwalimu mkuu alipohesabu na siku mtoto alipokaa kwenye dawati ilipita takribani miezi 22, na katika kitongoji kinachopokea wahamiaji kila msimu wa kilimo, miezi 22 ni muda wa kutosha kwa kijiji kizima kubadilika. Zaidi ya hapo, takwimu za Machi zinamhesabu mtoto aliye shuleni. Mtoto wa miaka minne aliyeko nyumbani, ambaye ndiye hasa mpango unapaswa kumtafuta, hayumo.

Nimekaa katika vikao ambamo maoteo yalipatikana kwa njia rahisi mno: idadi ya mwaka uliopita ikaongezewa asilimia kidogo, wajumbe wakakubaliana, kikao kikaendelea na ajenda nyingine. Sina nia ya kumlaumu yeyote, kwa sababu ofisi hizi zina watumishi wachache na kazi nyingi, lakini ni lazima isemwe wazi kwamba asilimia moja iliyobandikwa juu ya wilaya nzima haiwezi kuonyesha mtoto yuko wapi. Tuseme halmashauri ina wastani wa wanafunzi 70 kwa chumba. Wastani huo unaweza kuwa umetokana na shule ya makao makuu ya tarafa yenye wanafunzi 40 kwa chumba na shule ya pembezoni yenye 130. Ukijenga kwa kufuata wastani, utaongeza chumba mahali ambapo barabara inapitika na mafundi wanapatikana, na yule wa pembezoni atabaki na 130 wake, huku taarifa ya mwaka ikionyesha kwamba hali imeboreka.

Kuna pia tatizo la rejesta. Wazazi wanapohamia mashamba ya mbali msimu wa tumbaku unapoanza, watoto huondoka nao, na wengine huandikishwa upya huko waliko bila uhamisho. Jina linabaki shule ya kwanza na linaonekana tena shule ya pili. Kwa kuwa fedha za uendeshaji hutumwa kwa kufuata idadi ya wanafunzi, mwalimu mkuu asiyesafisha rejesta yake anaifanya shule yake ionekane imejaa, na kitongoji walikohamia watoto kinaonekana hakina shida. Kusafisha rejesta ni kazi isiyo na sifa, lakini mimi naiweka juu ya kazi nyingi zinazopigiwa makofi.

Wananchi hawasubiri takwimu. Wakiona watoto wao wadogo wanavuka mto kwenda shule mama iliyo kilomita nyingi, wao huchanga, hufyatua tofali, huanzisha kituo shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, chenye chumba kimoja au viwili, wakaanza na awali na darasa la kwanza. Mwaka 2021, serikali ilipopata mkopo wa UVIKO-19 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa na kuutumia kujenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini, vyumba 3,000 kati ya hivyo vilielekezwa kwenye vituo shikizi, na kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ilivyosemwa wakati ule, kwa sababu kituo shikizi ni takwimu iliyosimama: ni wananchi wenyewe wakionyesha kwa tofali mahali nafasi za shule zinapokosekana. Halmashauri inayotaka kujua ijenge wapi ingeanza kwa kuchora ramani ya vituo shikizi vyake na maboma yote, yaani majengo ya kuta bila paa, yaliyoishia kwenye lenta.

Maboma hayo yana habari yake. Utaratibu tuliouzoea ni kwamba wananchi wanapandisha boma kwa nguvu zao na halmashauri inapaua, inaweka sakafu, milango na madirisha. Utaratibu huu umetupatia madarasa mengi, lakini unafuata uwezo wa kijiji, wala haufuati idadi ya watoto. Kijiji chenye mavuno mazuri ya tumbaku na AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) iliyolipwa kwa wakati kitapandisha maboma manne. Kijiji cha wahamiaji wapya ambao bado wanakata mapori kitapandisha msingi mmoja uliokatwa na mvua. Halmashauri nazo hutegemea mavuno hayohayo, kwa sababu ushuru wa mazao ya biashara, ambao kisheria hauzidi asilimia tatu ya bei ya mkulima, ndio mhimili wa mapato ya ndani katika wilaya za tumbaku. Bei ikishuka au malipo yakichelewa, boma linaloza. Sioni haki katika mpango unaomfanya mtoto wa miaka sita asubiri soko la tumbaku lichangamke.

Itafaa kutazama wenzetu wanavyofanya, si kwa sababu tunaweza kuiga kila kitu bali kwa sababu kanuni zao zinaonyesha kazi hii inapoanzia. Nchini Uingereza, Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 inailazimisha kila halmashauri katika England kuhakikisha kuna nafasi za kutosha za shule katika eneo lake. Kila mwaka halmashauri hupeleka wizarani taarifa ya uwezo wa kila shule na maoteo ya wanafunzi wa miaka ijayo kwa maeneo madogo ya upangaji, na fedha za kuongeza nafasi hukokotolewa kutokana na pengo kati ya viwili hivyo. Maoteo huanza na vizazi vilivyosajiliwa, hulinganishwa na watoto walioandikishwa kwa madaktari wa mitaa, kisha huongezwa watoto wanaotarajiwa kutoka kwenye nyumba mpya zinazojengwa, na mwendelezaji wa nyumba hizo anaweza kutakiwa kuchangia gharama za shule. Madarasa ya watoto wa miaka mitano hadi saba hayapaswi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Wao pia hukosea: katika baadhi ya maeneo ya London vizazi vimepungua na familia zimehama, na shule kadhaa za msingi zimelazimika kufungwa kwa kukosa watoto. Kinachonivutia ni kwamba hata kosa hilo linaonekana mapema katika hesabu, likajadiliwa mbele ya wazazi kabla halijatokea.

Kwetu taarifa za namna hiyo zipo, ila kila moja inakaa katika ofisi yake. Zahanati ina rejesta ya chanjo ya watoto, ofisi ya mtendaji wa kijiji ina daftari la wakazi, Sensa ya 2022 ilihesabu watu hadi ngazi ya kitongoji na kuhesabu majengo pia, na idara ya ardhi inajua ni viwanja vingapi imepima. Mganga wa zahanati na mwalimu mkuu mara nyingi hununua mboga katika genge moja, lakini rejesta zao hazijawahi kulazwa juu ya meza moja. Mahali ambapo mtendaji wa kijiji aliwahi kuzilinganisha, nikiwa mwalimu mkuu, tulijua miaka miwili kabla ni vitongoji gani vitatuletea watoto wengi, na hatukuhitaji mtaalamu kutoka nje kutuambia. Ninaamini kazi hiyo ingepaswa kuwa sehemu ya kudumu ya mpango wa fursa na vikwazo kwa maendeleo ambao kila kijiji huuandaa, kwa jedwali la ukurasa mmoja lenye watoto kwa mwaka wa kuzaliwa na kitongoji wanakoishi.

Kwa Manispaa ya Tabora suala ni la ardhi kuliko la fedha. Mji unapanuka kwa viwanja vipya pembezoni, na kila mchoro wa mipango miji huwa na eneo la shule. Baada ya miaka michache eneo hilo huonekana tupu, mtu akalima mahindi, mwingine akajenga kibanda, na shule inapohitajika halmashauri inaanza kuzungumzia fidia. Eneo la shule likabidhiwe idara ya elimu na lipatiwe hati mapema, hata kama chumba cha kwanza kitajengwa baada ya miaka minane.

Vijijini kuna ugumu mwingine, na hapa sina jibu jepesi. Baadhi ya vitongoji vipya vimeota ndani ya hifadhi za misitu au kwenye mipaka yenye mgogoro. Halmashauri inasita kujenga shule pale kwa kuwa shule ya serikali ni kama kuhalalisha makazi, na hoja hiyo ina uzito kwa anayejua misitu yetu ya miombo inavyoisha. Hata hivyo watoto wapo, nao hawakuchagua wazazi wao walime wapi. Kwa kiwango cha chini, waingizwe katika hesabu ya shule iliyo karibu nje ya hifadhi, ili popote watakapokuwa baada ya mgogoro kuamuliwa, nafasi yao iwepo.

Mambo haya yote tungeweza kuyarekebisha polepole kama wakati ungeturuhusu. Historia inaonyesha kwamba mara tatu sasa nchi hii imefungua milango ya shule kabla vyumba havijawa tayari. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na watu wa umri wangu walisoma kwa zamu. MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilianza mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, na madarasa yakafurika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na Januari 2016 foleni za uandikishaji zikashangaza hata waliouandika. Uamuzi huo mara zote tatu ulikuwa sahihi, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Kilichokosekana mara zote tatu ni mtu wa wilayani kukaa chini mwaka mmoja au miwili kabla na kuhesabu kwa kata.

Wimbi la nne tunalijua tarehe yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, walipoanza kutumia mtaala mpya, wataishia darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao watangulizi wao wanamaliza darasa la saba. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028.

Tufanye hesabu ya kata moja ya kufikirika. Ina shule nne za msingi, kila moja ikiwa na wanafunzi 80 katika kila moja ya madarasa hayo mawili. Kwa utaratibu wa zamani, wanafunzi 320 wangefanya mtihani wa darasa la saba na, tukikadiria kwamba saba kati ya kumi wanafaulu, 224 wangekwenda sekondari ya kata. Hao wanahitaji vyumba sita. Januari 2028 watakaogonga mlango ni 640, kwa kuwa elimu ni ya lazima na mtihani haupaswi tena kumwacha mtoto nje. Hao wanahitaji vyumba 16. Tofauti ni vyumba kumi kwa kata moja, na kwa bei ya mwaka 2021 ni shilingi milioni 200, kabla ya viti, meza, vyoo na maabara. Kundi hilo halitaishia kidato cha kwanza. Litakuwa kidato cha pili mwaka 2029, cha tatu 2030 na cha nne 2031, na nyuma yake makundi yatakuwa ya darasa moja moja lakini bila mchujo, kwa hiyo hayatarudi kwenye 224 ya zamani.

Upande wa pili wa hesabu hii hausemwi sana, na ningependa wajumbe wa kamati za maendeleo ya kata waushike. Kuanzia 2028 hakutakuwa na darasa la saba, hivyo kila shule ya msingi itapata chumba kimoja au zaidi kilichoachwa wazi. Mahali ambapo shule ya msingi na sekondari zimepakana, kama ilivyo katika kata nyingi za Nzega na Igunga, vyumba hivyo vinaweza kupokea mikondo ya kidato cha kwanza kwa muda. Mahali ambapo sekondari iko kilomita kumi na tano kutoka kijiji cha mwisho, havitasaidia sekondari, lakini vitapunguza msongamano wa madarasa ya chini, na fedha zilizokuwa zijenge vyumba vya msingi pale zihamishiwe kwenye mabweni. Mabweni nayataja kwa makusudi. Msichana wa miaka kumi na miwili, mdogo kwa mwaka mzima kuliko tuliowazoea kidato cha kwanza, akipangishiwa chumba mtaani karibu na shule, hatutakuwa tumempa nafasi ya elimu bali tumemweka katika hatari.

Walimu nao wahesabiwe sasa. Ikama, yaani idadi ya walimu wanaohitajika, ya sekondari nyingi za kata tayari ina mapengo katika hisabati na fizikia, na chumba kipya hakifundishi. Sehemu ya walimu wa darasa la saba wana shahada walizosomea wakiwa kazini. Halmashauri iwatambue mapema, kwa majina na masomo, ili msawazo wa walimu, yaani kuwagawa upya kati ya shule, ufanyike kabla ya Desemba 2027.

Kuhusu muda, bajeti ya 2027/28 itaanza Julai 2027 na itaacha miezi sita tu kabla ya shule kufunguliwa. Kwa uzoefu wa fedha zinavyofika na mvua za Novemba zinavyoanza, hiyo inatosha kwa viti, meza na kumalizia. Misingi, kuta na paa vya vyumba hivyo kumi vya kata yetu ya kufikirika vinapaswa kuwa katika bajeti ya 2026/27, na mwananchi yeyote ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu wa kijiji chake kama vimo, kwa kata gani, na vimehesabiwa kwa watoto wangapi.